Diski ya Breki Juu ya Pipa la Mchele

Kindu, Alhamisi. Mvua ilianza alfajiri ikakatika saa nne, na uwanja wangu wote umekuwa matope. Nimekaa barazani na simu mkononi. Sina raha hata kidogo.

Kwa anayenisoma kwa mara ya kwanza: mimi ni mama wa biashara ya mchele, naishi Alunguli, ng'ambo ya Lualaba, pale barabara ya Pangi inaposhuka kwenda kwenye kivuko. Blogi hii alinifungulia binti yangu Mwamini, anayefanya kazi Kisangani, alipochoka kunisikiliza kwenye simu. Kwa kawaida naandika habari za mvua, majirani na magoti yangu. Leo siwezi.

Jana pikapu yangu ilirudi kutoka Pangi na ugonjwa. Dereva wangu ni Ramazani, mtoto wa marehemu dada yangu, mtu mzima mwenye watoto watano, asiyelalamika ovyo. Alikuja mpaka jikoni akaniambia, "Mama, ku mteremko nikikanyaga freni, pedale inanipigapiga ku muguu. Na usukani inatetemeka."

Nilikuwa napepeta mchele. Ungo ukanisimama mkononi.

Maneno hayo niliwahi kuyasikia, karibu neno kwa neno, kutoka kwa mume wangu Amisi, miaka ya vita.

Asubuhi hii, mvua ilipokatika, nilivuka na gari kwenda kwa fundi. Sikuwa na sababu ya kwenda. Fundi hahitaji muuza mchele wa kumsimamia. Ramazani aliishusha gari kwenye kivuko kwa gia ya kwanza, polepole kama anabeba mgonjwa, na mimi nimeshika mlango kwa mikono miwili.

Fundi wetu anaitwa Papa Asumani. Ana karakana ya mabati karibu na stesheni ya treni, na ni mtu wa maneno machache. Aliinua gari, akatoa gurudumu la mbele, ikaonekana ile sahani ya chuma ambayo breki huibana ili gari isimame. Wao wanaiita diske. Alifunga msumari kando yake, ncha ikiwa karibu kuigusa, akaizungusha kwa mkono. Nafasi kati ya msumari na chuma ilifunguka, ikafunga, ikafunguka tena. Diski ilikuwa imepinda. Akanionyesha madoa ya bluu, alama ya moto mkali, na nyufa nyembamba kama za matope yaliyokauka. Ufa mmoja ulianzia ukingoni ukaingia ndani kiasi cha kucha.

Kisha akaifungua, akaining'iniza kwa kamba, akaigonga na spana. Akaleta nyingine nzima, akaigonga. Ile nzima ililia kama kengele. Yangu ilitoa sauti fupi, ikanyamaza.

"Hii imekufa," akasema. "Ni nani anamwanga maji ku magurudumu gari ikifika?"

Ramazani akanitazama. Maskini, hakutaka kunitaja.

"Ni mimi," nikasema. "Ni amri yangu."

Anayenijua anajua kwamba mimi na vumbi hatupatani. Gari yoyote inayotoka safari haiingii uwanjani kwangu kabla ya kumwagiwa maji magurudumuni, palepale getini, hata salamu bado. Sikuwa peke yangu. Wake wa madereva wote wa barabara ile tulifanya hivyo: ukisikia injini inashuka, unatoka na beseni, unaondolea gari uchafu wa njia ndipo mwanaume anaingia nyumbani. Ilikuwa namna yetu ya kusema karibu. Chuma kilikuwa kinalia chwaa, mvuke unapanda, watoto wanacheka. Niliipenda sana sauti ile.

"Mteremko ni mrefu," Papa Asumani akaeleza. "Freni inafika kwako iko moto sana. Chuma iko moto, unaimwangia maji ya baridi, njo inapinda, njo inapasuka. Leo kidogo, kesho kidogo. Siku moja kipande kinatoka."

"Na kikitoka?"

"Plakete, ile inabana diske, inachomoka, mafuta ya freni yote inamwangika. Unakanyaga, pedale inaenda mpaka chini, na gari inaendelea tu."

Niliomba kiti.

Sijawahi kuandika hapa jinsi Amisi alivyokufa. Mwamini anajua kile ambacho mtaa wote unajua, na mtaa unajua hivi: siku zile askari walikuwa wameweka bariere ya kukagua magari chini ya mteremko, hatua chache kabla ya nyumba yetu. Kila gari ilisimama. Ya Amisi haikusimama. Ilivunja mti wa bariere, wakaipiga risasi, ikapinduka mtaroni. Watu wakasema alikuwa amewabebea watu wa porini silaha, ndiyo maana alikimbia. Hakuna aliyeziona silaha hizo. Lakini hakuna aliyeuliza, maana kuuliza siku zile kulikuwa na hatari yake.

Nilikuwa getini. Nilisikia injini, nikasikia risasi. Beseni lilikuwa limeshajaa.

Tulimzika siku ileile, tukiwa watu sita tu. Hakuna aliyekuja matanga. Hitima haikusomwa, wala arobaini yake haikufanywa. Mwamini, aliyekuwa na miaka minne, alikwenda shule akiitwa mtoto wa yule aliyepita bariere, na alirudi nyumbani na jina hilo miaka mingi.

Sasa niseme lililo gumu. Na mimi niliamini.

Si mara moja, wala si kwa kelele. Lakini wiki ile Amisi alikuwa kimya, ana jambo moyoni, nami nikajiambia labda ni kweli, labda alikuwa na safari zake asizoniambia. Nilimkasirikia kwa kutuacha na aibu. Mwamini aliponiuliza akiwa mkubwa, "Mama, kwa nini baba hakusimama?", nilimjibu, "Baba yako alikuwa na mambo yake." Nilisema hivyo kuhusu mtu ambaye hakuwahi kula kabla yangu.

Jambo alilokuwa nalo moyoni wiki ile lilikuwa breki. Alinieleza, kama Ramazani jana: pedali inampiga mguuni, usukani unatetemeka. Na diski haikupatikana mjini, treni ilikuwa haiji. Nilimwambia Mungu yupo, nikaendelea na kazi zangu.

Baada ya mazishi, shemeji yangu Salumu alileta gurudumu moja la mbele lililobaki mtaroni. Tairi aliichukua, chuma cha ndani akaniachia. Ni diski, nzito, ina pengo ukingoni la upana wa vidole vitatu. Sikuweza kuitupa. Nimeiweka juu ya mfuniko wa pipa la mchele ili panya wasiuinue, na kila baada ya muda naipaka mawese isishike kutu. Naigusa kila siku. Siku zote nilidhani pengo lile ni la kuanguka mtaroni.

Leo, kutoka pale kwa fundi, nilivuka mto kuja nyumbani, nikaifunga kwenye kitenge, nikavuka tena. Papa Asumani sikumwambia ni ya nani. Nilimwambia ni ya zamani, nataka kujua tu ilivunjika namna gani.

Aliifuta mafuta, akaipeleka mwangani. Akapitisha kidole gumba kwenye midomo ya pengo, upande huu, upande ule.

"Kama ilivunjika wakati wa kuanguka," akasema, "hapa kungekuwa na meno, kama muhogo umevunja na mikono. Lakini shika. Imepondwa, imelala upande moja. Na hii mifereji inazunguka yote. Chuma ya plakete ilikuwa inapiga hapa, inakwaruza hapa, kila gurudumu ikizunguka."

"Maana yake nini, Papa?"

"Maana yake kipande kilitoka gari ikiwa inatembea, na chofere alikuwa anakanyaga freni. Alikanyaga sana, huyu muntu. Hakuachilia."

Nikapitisha kidole changu pale alipopitisha chake.

"Gari ilisimama?" akaniuliza.

"Hapana," nikasema.

Hakuuliza tena. Papa Asumani alikuwa Kindu miaka ile, na huu si mji wa kusahau. Aliifunga diski kwenye kitenge yeye mwenyewe, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Kwenye kivuko nililia mpaka mama mmoja mwenye kuku akanipa nafasi yake nikae. Nililia kwa furaha kwanza, nakiri. Alikuwa anakanyaga. Alikuwa anakuja nyumbani, mguu wake wote uko juu ya pedali, anataka kusimama, na chuma kimemkatalia. Zaidi ya miaka ishirini mchele wangu umelala chini ya ushahidi huo na sikujua kuusoma.

Halafu tukafika katikati ya mto, nikayaona maji.

Diski ya Amisi nayo ina nyufa ndogo zinazoizunguka yote, na hizo sikumuuliza Papa Asumani. Asubuhi alikuwa ameshanifundisha kuzisoma.

Naweza kujitetea. Hakuna aliyetuambia kwamba maji hupasua chuma cha moto. Amisi mwenyewe alikuwa anacheka, anasema naiogesha gari kama bibi harusi, angejua angenizuia. Wake wote walifanya. Yote hayo ni kweli, na hayanisaidii kitu. Mikono iliyoshika beseni ni hii ninayoandikia.

Ramazani amepita hapa barazani sasa hivi, amechukua beseni la getini akalipeleka nyuma ya nyumba. Gari imebaki kwa fundi mpaka diski nyingine ipatikane.

Naona kishawishi, na nikiandike ili kisinishinde. Naweza kumpa Mwamini nusu. Naweza kumwambia baba yake alikanyaga breki mpaka mwisho, aliuawa bure, jina lake ni safi, nikaishia hapo. Angefurahi. Angenikumbatia nikienda Kisangani. Habari ya maji ningeibeba mwenyewe mpaka kaburini, na Papa Asumani si mtu wa kusema.

Lakini Amisi ameshasingiziwa kwa sababu watu walisema sehemu wakaacha nyingine. Sitamfanyia hivyo mara ya pili.

Ijumaa ya wiki ijayo nitaita watu, nitapika mchele wa pipa lile, isomwe hitima yake aliyoikosa. Diski itakaa mkekani, anayetaka aishike, apitishe kidole. Nitawaambia wote, na waliosema na walionyamaza.

Mwamini hatasikia mkekani, wala hatasoma hapa kwanza. Jua bado lipo, na saa hii ametoka kazini. Nitampigia, nitaanza na mguu wa baba yake juu ya pedali. Nitamwacha alie kwanza. Kisha nitamwambia habari ya beseni, nami ningoje atasema nini.

Maandishi haya sitayaweka kabla. Kama unayasoma, basi nimeshampigia, na yote mawili ameyasikia kutoka kwangu.