Kichwa Changu na Ile Dosiye

Liège, siku ya Mungu, baada ya misa

Mama Masika, bibi yangu,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na nyumba yote ya hapo mutaani Beu. Mumeamka? Magoti ya mama mukwe wangu yanamuacha atembee mpaka sokoni, ama bado anatuma batu? Na wewe, ile kikohozi ya mvua ilikwisha?

Barua yako ilinifikia juma lililopita kwa mukono wa yule mama mufanyabiashara wa Butembo anayepitia Kampala. Nimesoma kwamba askari ba barieri ya barabarani bamebadilika tena, kwamba shamba la Mangina halilimwi sasa, na kwamba batu ba upande ule banakimbia vita, banapita mbele ya nyumba na magodoro juu ya kichwa. Nilikaa na barua kwenye magoti muda murefu. Kisha nikafika mahali unaposema binti yetu Masika ni wa pili katika darasa lake. Nikasimama, nikabasomea wenzangu kazini, hata wale basiosikia Kiswahili. Bakapiga makofi.

Mimi ni muzima. Kazi ni ileile ya kufua na kukunja mashuka ya hospitali. Nakula vizuri, lakini sombe ya hapa, yale majani ya muhogo, inauzwa imeganda kama jiwe.

Sasa Mama Masika, ukae. Nina neno moja la haya, na ni lazima litangulie lile la furaha.

Mwaka jana nilikuandikia kwamba byuro ya bageni ilikataa dosiye, ile faili ya maombi ya kuwaita ninyi hapa. Nilisema ni bazungu, ni sheria mupya. Haikuwa kweli. Hapana mutu aliyekataa. Nilipewa rendez-vous, siku na saa ya kufika kwao, nikaisahau. Nikapewa ya pili; siku ile nilifika, lakini karatasi zote nilikuwa nimeziacha ndani ya basi. Nilishindwa kukuambia. Niliona afadhali uichukie serikali ya Ubelgiji kuliko kunichukia mimi.

Unanijua. Ni wewe uliyenituma Mutwanga kununua mbegu za kahawa, nikarudi siku ya tatu na mukungu wa ndizi, bila mbegu, bila kofia. Masomo niliacha katikati, ukuta wa jikoni niliacha katikati. Mwanzoni ulikuwa unacheka. Halafu uliacha kucheka, na mimi niliona siku ile uliyoacha.

Aliyeanza kunifungua macho ni Madame Cécile, yule anayetusaidia sisi bageni na mambo ya karatasi. Nilipokosa rendez-vous yake mara ya tatu, hakukasirika. Aliniuliza:

— Monsieur Kasereka, ulikuwa hivi hata wakati wa utoto?

— Hata wakati ule, Madame. Bamwalimu balinipiga, haikusaidia. Mama alifikiri batu bameniloga.

— Na kama ni kichwa chako kinafanya kazi namna ingine?

Akanituma kwa munganga wa mambo ya akili. Nilienda nikitazama nyuma, niliogopa batu ba kwetu banaoishi hapa bataniona. Lakini yule munganga aliniuliza tu maswali, siku mbili, kuhusu masomo, kazi, ndoa, hata ile safari ya Mutwanga. Mwisho akasema kuna batu bazima bengi banaoishi na jambo hili tangu utoto. Kwa Kifaransa banaliita TDAH: uangalifu unakimbia, mwili hautulii. "Si uvivu," akasema. "Si wazimu. Si kwamba unamudharau bibi yako." Nilitoka nje, nikakaa kwenye ngazi za hospitali, nikalia, na ndevu zangu zote hizi.

Kwanza alinipa kidonge. Kilisaidia, lakini moyo ulidunda na chakula hakikupita, akakipunguza. Ndipo akanieleza dawa ingine ambayo si ya kumeza, inaitwa neurofeedback: mashine ya kukifundisha kichwa kutulia. Hakunificha kitu:

— Banganga habakubaliani. Bengine banasema inasaidia. Bengine banasema mutu anasaidika juu anaamini na anakuja kila juma. Siwezi kukuahidi. Unataka kujaribu?

Nikajibu ndiyo.

Siku ya kwanza, psikologi, mutaalamu wa akili, mwanamuke wa sauti ya chini, akanipaka mafuta mazito juu ya kichwa na kubandika nyuzi ndogondogo, na zingine kwenye masikio. Nilipoona zile nyuzi, nikarudisha kichwa nyuma. Unajua habari ambazo batu balisimulia, za nyuzi za umeme za kutesea batu kule kwenye kambi za askari.

— Madame, umeme unaingia ama unatoka?

Hakucheka.

— Hauingii hata kidogo. Kichwa cha kila mutu kinatoa umeme, kidogo sana. Mashine inausikiliza tu, halafu inakuonyesha.

Mbele yangu, kwenye televisheni ndogo, kulikuwa na gari chini ya mulima. Kichwa kikitulia na kuangalia, gari linapanda. Kikienda kutembea, linasimama. Hapana usukani, hapana pedali. Nikawaza, mimi mutu wa Butembo nimezoea milima, nitalipandisha hili. Nikakaza meno, nikakaza uso. Gari likakaa pale kama pick-up ndani ya matope.

— Unasukuma sana, akasema. Hapana sukuma. Angalia tu.

Muda ukapita, hakuna kitu. Nikachoka, nikaacha. Katika ule uchovu nikakukumbuka, umekaa mbele ya mulango na lungo la maharagi, husemi neno, vidole vinachambua vyenyewe. Nikainua macho: gari lilikuwa linapanda! Nikafurahi sana, na palepale likasimama. Tukacheka sisi wawili.

Nilianza wakati miti haina majani, mara mbili kwa juma, na sasa majani yamerudi. Usifikiri umepata bwana mupya. Siku ya Jumanne nilifua funguo zangu pamoja na mashuka. Lakini sasa nasikia wakati akili inaondoka, kama unavyosikia mulango ukifunguliwa, na mara nyingi nairudisha kabla haijafika barabarani. Nilimuuliza munganga ni kazi ya mashine, ama ya kidonge kidogo, ama ya kikaratasi ambacho Madame Cécile alinifundisha kuandika kila asubuhi. Akasema, "Labda vyote vitatu. Sijui." Nilimupenda juu ya ile sijui.

Basi, Alhamisi nilienda tena kwenye byuro. Nilifika saa nzima kabla ya kufunguliwa. Mama wa gishe, yule anayepokea batu dirishani, akapitia karatasi moja moja, kisha akaniangalia.

— Kunakosekana moja. Mukataba wa nyumba.

Damu ilipanda. Zamani ningemutupia maneno, nikaondoka, nikapotelea mjini mpaka jioni. Nikasikia akili inaondoka. Nikauliza:

— Munafunga saa ngapi?

— Saa sita kamili.

Ilikuwa saa nne na nusu. Nikaandika kwenye mukono: mukataba, kabati, rudi. Nikapanda basi. Karibu na nyumba ndugu mumoja wa Kasai akaniita nione gari alilonunua, na unajua mimi na magari. Nikamuambia, "Kesho!" Sikusimama. Mukataba ulikuwa mahali pake ndani ya kabati. Basi la kurudi likachelewa, nikaikimbia barabara yote kwa miguu, nikaingia jasho linatiririka, mulinzi amekwisha kushika mulango.

— Monsieur, umekimbia? akauliza yule mama.

— Miaka miwili, Madame.

Akagonga muhuri. "Dosiye imekamilika." Nikamuomba arudilie neno lile. Akarudilia.

Nakutumia kopi ya karatasi ya muhuri. Bado si ndiyo, itachukua miezi. Wakikubali, watakuita kwenye ubalozi wa Ubelgiji kule Kampala. Uende paroisse, pale kanisani, uombe karatasi ya ndoa yetu, na uweke pamoja na ya kuzaliwa ya Masika ndani ya plastiki. Habari za njia zikiwa mbaya, usitoke. Ungojee bafanyabiashara banaokwenda mupakani Kasindi, mufuatane nao. Dosiye inaweza kungoja. Ninyi wawili mufike bazima.

Musalimie mama mukwe, umuambie wasingya, aksanti sana, kwa kuwapa nyumba. Musalimie kaka yangu mukubwa Kambale akipita na lori lake kutoka Butembo, na katekista aliyemufundisha Masika kusoma. Masika mwenyewe umukumbatie mpaka alalamike.

Na kuhusu uongo wangu, usinisamehe haraka juu ya muhuri. Kasirika vile unavyotaka. Uandike yote, hata kurasa kumi. Nitazisoma mpaka mwisho.

Ni mimi bwana wako,
Kasereka, Baba Masika