Travel, travail na miti ya ng'ombe

Jumatatu, 6 Oktoba
Maji nimechota. Nimefagia. Nimefika shuleni kabla ya kengele. Mwalimu wa Kiingereza alirudisha insha. Niliandika kwamba Papa yuko Mubi kwa travel. Nilidhani ni travail ya Kifaransa, yaani kazi. Kumbe travel ni kusafiri. Darasa lilicheka. Furaha, ninayekaa naye benchi moja, akasema: "Njo vile, kweli! Papa yako hatumike kazi. Anatembea tu!"
Nina hasira.

Jumanne, 7 Oktoba
Papa aliondoka baada ya mavuno ya maharage, mwezi wa sita. Alisema anakwenda mbali, Mubi, kubeba mizigo ya malori. Simu yake haipatikani tangu Agosti. Je, anafanya kazi, ao ametuacha? Naogopa kumwuliza Mama.

Jumatano, 8 Oktoba
Mwalimu aliniita. Eti sikukosea sana. Waingereza walitoa neno travel kwenye travail ya Wafaransa wa zamani, kwa sababu wakati ule kusafiri kulikuwa taabu. Na travail, wengi husema, ilianzia kwenye neno la Kilatini: miti mitatu ya kumfungia mtu na kumtesa. Sielewi. Mateso yanakuwaje kazi? Kazi inakuwaje safari? Nitaeleza mbele ya darasa Ijumaa. Mimi!

Alhamisi, 9 Oktoba
Hapa Mushaki, karibu na barabara, kuna miti ambamo wanabana ng'ombe ili wachomwe sindano. Napita hapo kila siku. Leo nilisimama. Ng'ombe alitetemeka, akachomwa, wakamfungua. Akaenda kula majani.
Na Papa, nani atamfungua?

Ijumaa, 10 Oktoba
Nimeeleza yote, hata ng'ombe. Hakuna aliyecheka. Furaha aliuliza polepole: "Sasa papa yako iko mu nini? Mu kazi, mu safari, ao mu miti?"
Nilisema sijui. Ni kweli.

Jumapili, 19 Oktoba
Tulitoka kanisani, tukamkuta Papa ameketi mlangoni. Amekonda. Mama alibandika maji. Papa alipovua shati ili aoge, niliona mabega. Ngozi imekuwa ngumu, nyeusi, yenye alama za kamba, kushoto na kulia.
"Ulikuwa unafanya nini kule?" Mama aliuliza.
"Kubeba. Na simu iliibiwa. Na njia iko mubaya, Mama Neema. Mubaya sana."
Nilikuwa nimeandaa maswali mengi. Nilimletea sabuni.
Sasa amelala, na jua bado liko juu. Viatu vyake viko mlangoni. Nimevitoa matope.