Neno Nililompa Munganga

Dezire, mudogo wangu,

Mimi kaka yako Fransoa ndiye mutu mwenye sura nzuri kuliko wote Goma. Volkano ya Nyiragongo ikitaka kutoa moshi inaniomba ruhusa kwanza. Wewe ulinijua miezi minne tu, huna jino hata moja, na bado ulinikojolea shati la misa mbele ya wasichana. Sijakusamehe.

Habari za nyumbani ni mbaya. Mama hayuko. Shangazi alimuita muuaji pale kwenye bomba la maji, wanawake wote wa kambi yetu wakisikia, na Papa hakumutetea. Basi Mama akafunga nguo zake, akarudi kwa wazazi wake Rutshuru.

Unakumbuka ile siku? Hapana, ulikuwa umekufa, muvivu wewe. Ulinyonya muchana, ukalala na Mama, muzima, bila homa wala kikohozi. Mama akaamuka. Wewe hapana. Na kwa sababu watoto wengine wa kambi walikufa hivyo hivyo, Munganga, yule daktari muzungu wa lopitali, alitaka kujua kinachowaua. Akakupasua. Mapafu, moyo, tumbo: hakuona kitu. Ndipo akamuita Mama amuulize ulilala namna gani.

Infirmier, yule muuguzi wake, alitaka kutafsiri. Nikamuambia, "Muzee, pumuzika, Kifaransa kinakaa kwetu." Mimi, wa darasa la nne! Mama alisema, macho chini, "Nililala naye." Nikatafsiri mbio mbio. Munganga akanikazia macho, akauliza tena. Nikarudia kwa sauti kubwa, kifua mbele. Akaandika kwamba Mama alikulalia, ukakosa pumuzi. Papa akasomewa hiyo karatasi.

Juzi mutoto wa jirani amekufa pia. Alikuwa peke yake kwenye mukeka, hakuna mutu karibu. Munganga hakumupasua. Sababu inajulikana, anasema, hawa wamama wanalalia watoto wao. Ameacha kutafuta, Dezire. Kilichokuua wewe bado kinatembea humu kambini, na hakuna anayekiuliza jina.

Kwaheri, ka-Dezire. Jumapili ninapanda kwenda Rutshuru kwa Mama. Nikirudi nitasimama mbele ya Papa na Shangazi, halafu mbele ya Munganga, hata akinifukuza kama mbwa. Nitawaambia hivi: kwa Kifaransa, "pamoja na" ni avec, "juu ya" ni sur. Mama alisema avec.

Mimi nilisema sur.