Pilipili ya Mama Masika

Jumatatu, 9 Agosti. Beni
Nimetwanga sombe, kisamvu tunavyosema kwetu Mwanza. Nimechota yangu kabla mama mkwe hajatia pilipili, kama kila siku. Mwaka mzima wa ndoa hapa Kongo, na pilipili yao bado imenishinda.
Mume wangu Kambale alikwenda Manguredjipa kununua mawese. Wiki ya pili sasa. Barabara imefungwa. Askari na waasi wanapigana huko.

Alhamisi, 12 Agosti
Chumvi imeisha. Sokoni hakuna. Sombe bila chumvi ni majani tu. Nimekubali pilipili, kidogo. Machozi, kamasi. Nimemaliza sahani. Njaa haina adabu.
Askari wanasaka wapelelezi kutoka nje. Mtaa wa pili wamemchukua fundi viatu, Mrundi. Hajarudi. Mimi nikifungua kinywa tu, najulikana si wa hapa. Mama Masika, mama mkwe wangu, kanikanya: "Bakikuja, wewe hapana sema kitu. Mi ndo nitasema."

Jumamosi, 14 Agosti
Wamekuja.
Tulikuwa tunakula. Wawili, bunduki begani. Mmoja akaninyooshea kidole. "Na huyu?"
Nikatia tonge mdomoni. Jingine.
"Ni bibi ya mutoto wangu," Mama akasema, yaani mke wa mwanawe.
"Yeye hana mudomo?"
"Anakula, papa. Muache akule."
Yule askari akasimama mbele yangu. Niliona buti zake tu. Nikachovya, nikatafuna, nikameza. Mkojo ulinitoka kidogo. Naandika kwa sababu ni kweli.
Wakachukua redio na kuku, wakaondoka. Wamesema watarudi.
Kibakuli cha pilipili kilikuwa kitupu. Nilikuwa nimekimaliza mimi, wala sikusikia ukali wowote.

Jumapili, 15 Agosti
Kesho alfajiri tunaondoka. Butembo, kwa dada yake Mama. Naogopa kubaki. Naogopa njia. Kambale akirudi, atatukuta wapi?

Jumanne, 17 Agosti. Butembo
Siku mbili kwa miguu. Vizuizi vitatu. Kote Mama amesema mimi ni bubu.
Njiani tulikula muhogo wa kuchemsha na pilipili mbichi aliyoifunga kwenye pindo la kitenge. Nikaomba nyingine. Mama akanitazama, akacheka hadi akakaa chini. "Sasa uko Munande!" Yaani mtu wa kabila lao.
Nimeona aibu. Sijui kama mume wangu yuko hai, na ulimi wangu unafurahi.

Jumatano, 25 Agosti
Kambale yuko hapa. Amefika jana kupitia msituni, moja kwa moja kwa mama yake mdogo, ambako hulala kila akitoka Manguredjipa. Amekonda. Miguu imevimba. Nimeikanda kwa maji ya moto.
Hapa chumvi ipo. Hata hivyo nimeponda pilipili, nimekamulia ndimu, nimekula peke yangu, polepole. Tamu.
Yeye amekula viazi viwili, akalala. Nimeketi kando yake, namfukuzia nzi. Gari la askari limepita mara mbili. Kila mara nimebana pumzi. Halikusimama.