Mwakio Mwisho wa Mti

Mjukuu wangu Wakesho,

Huku Voi tupo. Nyanyako anakusalimu, ingawa magoti yamemgomea.

Umeniuliza mbona vitu vikizunguka pamoja, kwa mwendo usiobadilika, cha nje hukimbia kuliko cha ndani.

Nikiwa kijana wa reli, tuligeuza injini juu ya meza ya kuzungusha, lile jukwaa la reli linalozunguka, tukilisukuma kwa mti mrefu uliofungwa ubavuni mwake. Ndugu yangu Mwakio alikuwa anaumwa na kifua. Nikamwambia, "Shika mwisho wa mti, huko ni kwepesi." Na kweli kulikuwa kwepesi. Lakini alikuwa mbali na katikati mara tatu kuliko mimi: nikipiga hatua kumi, yeye thelathini, zamu nzima. Mvua iliyofuata hakuiona.

Hiyo hesabu naijua, mjukuu. Niliijua tukimzika.

Babu yako