Siku ya Kupumzisha Mashine

Sriperumbudur, 10 Septemba 1998

Kaka Rangasamy,

Shikamoo. Natumaini wewe, shemeji na mama hamjambo, na goti la mama limepunguza makelele. Mimi mzima, ila chakula cha kantini hunikumbusha mchuzi wa shemeji kila ifikapo mchana.

Kaka, nimepata jambo. Kiwanda chetu cha magari kinatafuta karakana ya kutengeneza pini za milango. Nimeitaja hiyo aliyotuachia Baba, na wakubwa wamekubali kuja kuiona. Kazi hii tukiipata, mafundi wako kumi na mmoja watakula miaka mitano bila kungoja pampu za wakulima ziharibike. Huku kila mwezi kiwanda kipya kinainuka palipokuwa na mashamba ya karanga. Jimbo letu linakimbia, na asiyekimbia nalo ataachwa.

Tatizo ni siku. Wageni wa ng'ambo wana siku moja tu ya kufika Coimbatore, nayo imeangukia Ayudha Puja, siku mashine zinapopumzishwa. Najua. Nimewaomba wabadilishe, wameshindwa, maana kesho yake wanapanda ndege. Wanataka kuona mashine ya kukereza ikizunguka na pini ikitoka. Washa moja tu, kwa saa moja tu.

Mdogo wako,
Thangavel

Peelamedu, Coimbatore, 17 Septemba 1998

Mdogo wangu Thangavel,

Marahaba. Sisi huku tunaendelea vizuri. Goti la mama bado linatabiri mvua, na mara nyingi linakosea. Shemeji yako anasema anayetaka mchuzi wake na apande treni.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umeandika "najua" kama mtu aijuaye njia ya kwao lakini haipiti. Siku ile tunaziosha mashine kwa mafuta ya taa, tunazipaka liwa na unga mwekundu, tunafunga migomba michanga mlangoni, na hazigusiki mpaka asubuhi ya pili. Zimetulisha mwaka mzima, zinapewa siku moja.

Unamkumbuka yule mkulima wa Sulur aliyekuja siku hiyo hiyo na pampu iliyokufa, nyanya zake zikikauka? Baba alikataa kuwasha mashine. Kisha akatutoa mimi na wewe na ndoo nne, tukamwagilia lile shamba kutoka kisimani mpaka viganja vikachubuka. Wewe ulilia, ukanyamazishwa na bisi za mchele na sukari guru. Mimi nililia pia, ila nilikuwa mkubwa, nikajificha.

Waje. Watapokelewa kama wageni. Lakini mashine siwashi.

Kaka yako,
Rangasamy

Sriperumbudur, 6 Oktoba 1998

Kaka,

Shikamoo. Natumaini nyumbani ni wazima. Mimi mwili mzima, moyo sivyo.

Nimekaa siku kadhaa ili hasira ipoe, haikupoa. Niliwaleta wale wageni wanne kutoka Madras. Ukawavua viatu, ukawapa bisi na dengu, ukawaonyesha mashine zimepakwa liwa kama maharusi. Walikula, wakacheka, wakapiga picha. Garini mkubwa wao akaniuliza, "Tukiwa na agizo la haraka, hawa watapumzika pia?" Kazi imepewa karakana moja ya Hosur.

Ulinikumbusha Baba na ndoo zake. Sawa. Baba alikataa, lakini akambebea yule mtu maji. Wewe umekataa, ukagawa bisi. Mafundi wako utawabebea nini?

Sitaandika tena kwa muda. Mwambie mama nina kazi nyingi.

Thangavel

Peelamedu, Coimbatore, 2 Agosti 1999

Mdogo wangu Thangavel,

Salamu nyingi, na za mama zaidi. Miezi kumi ni mingi. Amekuwa akiniuliza kazi gani hiyo isiyo na Jumapili. Sisi ni wazima. Nakuomba uisome hii mpaka mwisho.

Kuhusu ndoo ulisema kweli, na kweli hiyo nimeibeba miezi yote hii. Pampu za bei nafuu zimejaa sokoni, na wakulima hawatengenezi tena za zamani. Mafundi wameondoka mmoja mmoja, na mzee Arumugam, aliyetufundisha sote wawili kushika kipimo, sasa anauza chai stendi ya Gandhipuram. Nikipita ananipa bure, nami huacha kikombe kikiwa kimejaa.

Sasa nikwambie jambo ambalo sikulisema. Nilikataa kwa ajili ya mashine, ndiyo, lakini si hilo tu. Tangu uondoke, miaka sita, hukuwahi kuja siku ile. Kila mwaka mama alikuwa akiniambia nisiipake liwa ile mashine ya pili, eti ni yako, huenda ukatokea. Jioni ndipo nilikuwa naipaka mwenyewe. Mwaka jana ukatokea kweli. Nilikuona ukishuka garini nikafurahi kama mpumbavu. Ukasimama mlangoni na viatu vyako, ukatazama saa. Ungeniomba kama ndugu, pengine ningeiwasha. Nilikukasirikia wewe, na walioumia ni mafundi. Nisamehe.

Karakana nimeiuza. Mnunuzi anavunja paa Jumatatu ya tarehe kumi na sita ajenge ghala. Mama na shemeji yako watahamia kwa wakwe zangu Pollachi. Mimi nimepata kazi ya ukerezaji kiwandani kwenu, zamu ya kwanza. Kwenye usaili walinipa chuma, nikakikereza, wakakipima mara mbili. Sikuwaambia sisi ni ndugu.

Nasikia huko watu wa ofisini wanaitwa bwana. Usione haya tukikutana. Nami nitakuita bwana kama wenzangu, hutasikia neno kaka hapo uani.

Kaka yako,
Rangasamy

Sriperumbudur, 7 Agosti 1999

Kaka yangu,

Shikamoo, na shikamoo tena kwa miezi yote niliyoruka. Mwambie mama sikuwa na kazi nyingi. Nilikuwa na kiburi.

Barua yako niliifungulia ofisini, mbele ya watu. Mwenzangu mmoja akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, kaka yangu anakuja kazini. Akauliza kaka yupi, mbona hujawahi kumtaja. Kaka, muda wote huu nimekaa na watu hawa, na sikuwahi kukutaja. Kwa hiyo nikasimama nikawaambia wote jina lako, la Baba, na la mzee Arumugam aliyetufundisha kazi. Ukiingia getini watakujua kabla hujajitambulisha. Ukiniita bwana nitakujibu kwa kupiga magoti hapo hapo uani, tuone nani ataona haya.

Sikuomba msamaha kwa kusimama mlangoni na viatu. Naomba sasa.

Nimepewa likizo ya siku nne. Nafika Jumamosi ya tarehe kumi na nne kwa treni ya asubuhi. Usimkabidhi mtu funguo kabla sijafika. Tutafagia pamoja, kisha tufunge mlango sisi wawili.

Mdogo wako,
Thangavel