Vaisi Ikae Upande Gani

Baba,

Ile vaisi yako ya kubania mbao imekufa. Wiki jana nilikuwa nabana ubao wa kiti cha kanisa, nikazungusha mkono wake, ukazunguka bure tu, skrubu imeisha meno. Ubao ukaponyoka ukaniangukia mguuni. Nikakuita kwa sauti, kama vile uko tu hapo nje unanoa patasi. Halafu nikakumbuka.

Nikaenda hadwea nikijua ninachotaka. Ile ya mafundi wa vyuma, ya kukaa juu ya meza, nilikataa, maana inauma mbao na kuiacha na alama. Nilitaka ya maseremala, ya kufungwa ubavuni mwa meza. Hapo sawa. Kisha mwenye duka akauliza, "Dada, utaifunga kushoto ama kulia? Unatumia mkono gani? Wa mkono wa kulia hufunga kushoto, wa kushoto hufunga kulia." Baba! Mwanamke mzima, fundi anayejulikana Chechelesi yote, nikabaki nikiangalia mikono yangu.

Naandika na mkono wa kulia. Nakula na wa kulia. Lakini randa naisukuma kama wewe, mtu wa mkono wa kushoto, kwa vile nilijifunza nikiwa nimesimama nyuma yako, nikifuata kila kitu. Vaisi yako ilikaa mwisho wa kulia wa meza na sikuwahi kuuliza kwa nini. Bega linaniuma kila jioni, nilidhani ni kazi tu. Jana nikajaribu mkono wa kulia. Wacha! Randa ikarukaruka kama mbuzi, ubao ukaharibika. Sasa mimi ni wa mkono gani? Sijui, Baba. Kweli sijui. Na meza lazima ikatwe ndio vaisi ikae, nikikata pasipofaa nimeiharibu.

Lakini kinachonizuia si bega, wala si meza. Ni Mama. Tangu tukuzike, analeta chai saa nne, anasimama mlangoni kidogo, ananiangalia nikipiga randa, anaenda. Siku moja alisema, "Ukipiga randa, huo mgongo ni wa baba yako kabisa." Sasa nikihamisha vaisi, nitasimama vingine. Atakuwa anakuja kuangalia nani? Nimezunguka na hii kitu kichwani mpaka viti vya kanisa vimelala. Mchungaji akipiga simu nasema kesho, na kesho tena.

Leo Mama alipoleta chai nikamwambia yote. Nilifikiri atalia. Akaweka kikombe chini, akasema, "Mimi nilishamzika baba yako. Wewe ndiye bado."

Ai, Baba! Sikujua nicheke ama nilie. Nilifanya yote mawili, na yeye akanywa ile chai yangu.

Basi nimechora mstari upande wa kushoto wa meza. Usifikirie nina hakika. Nimeufuta na kuuchora tena, na bado nakusikia ukiguna, "Mbao haiokotwi barabarani, binti yangu." Najua. Nitaharibu kadhaa kabla mkono huu haujazoea, na hutakuwepo kunigombeza, hiyo ndiyo inauma kuliko bega.

Pumzika, Baba. Viti vya kanisa nitavimaliza, nakuahidi. Na vikipinda, watu wasiseme ni mkono wako. Ni wangu.

Kwaheri. Sasa nachukua msumeno.

Binti yako,
Kagendo